Wanakimbia au wanakimbizwa? Jinsi trela za filamu zinavyojenga urafiki wa vijana wa wavujajasho

Wasichana wanne wanashuka ngazi za jengo la ghorofa mbiombio. Wamevaa sare za shule, mabegi yanawapigapiga mgongoni, mkono wa mmoja unateleza juu ya chuma cha ngazi. Shoti yenyewe haizidi sekunde mbili. Iwekee chini yake kicheko na breki za basi linaloingia kituoni, mtazamaji atasema wanakimbia. Iwekee besi inayonguruma na king'ora cha mbali, atasema wanakimbizwa. Picha haijaguswa hata fremu moja. Kiswahili kinatenganisha maana hizo mbili kwa silabi ya mwisho ya kitenzi. Trela inazitenganisha kwa sauti, na kwa shoti iliyotangulia.

Msingi wa mchezo huu ni wa zamani. Baada ya Mapinduzi ya 1917, mwalimu wa filamu wa Kirusi, Lev Kuleshov, alijulikana kwa jaribio la kuweka uso uleule wa mwigizaji karibu na bakuli la supu, kisha jeneza, kisha mwanamke. Uso haukubadilika, lakini kwa mtazamaji ulikuwa wa njaa, wa huzuni, wa tamaa. Kila mhariri wa trela anaishi kwa kanuni hiyo. Tofauti ni kwamba kwa vijana wa familia za kipato kidogo, mtazamaji haji na kichwa kitupu. Mtoto wa uzunguni akikimbia, amechelewa kipindi. Wa uswahilini akikimbia, kuna alichochukua. Trela ya filamu kuhusu vijana hao ama inaitumia dhana hiyo kuuza tiketi, ama inajitahidi kuivunja ndani ya sekunde chache ilizopewa. Katikati hapakaliki.

Mifano ya makala hii inatoka Uingereza na Ufaransa, kwa sababu huko filamu za vijana wa nyumba za halmashauri (nyumba za kupanga za serikali za mitaa) na wa vitongoji vya pembezoni mwa miji zina ukoo mrefu, na mbinu zake zimezoeleka kiasi kwamba zinaweza kutajwa moja moja.

Kitu cha kwanza kupotea ni muda

Vijana wasio na hela wanajenga urafiki kwa muda. Hawana pa kuingia kwa kulipa, basi wanakaa: kwenye ngazi, kwenye ukuta mfupi nje ya duka la chipsi, kwenye ghorofa ya juu ya basi. Wanangoja. Wanapiga stori isiyo na mwisho, wanagawana pakiti moja, wanasubiri mwenzao amalize kumlaza mdogo wake. Ni kijiwe, kwa maana yake kamili. Filamu nzuri za aina hii zinakipa kijiwe dakika nyingi, na hapo ndipo mtazamaji anapoanza kuwapenda wahusika.

Trela haina dakika hizo. Kwa desturi ya chama cha studio za Marekani, MPA, trela ya ukumbini haipaswi kupita dakika 2 na sekunde 30. Januari 2014 chama cha wamiliki wa kumbi za sinema cha nchi hiyo kilitoa mwongozo wa hiari wa dakika 2. Kwa fremu 24 kwa sekunde, dakika 2 ni fremu 2,880. Ukitoa nembo za kampuni, kadi za maandishi, jina la filamu na sekunde za weusi (skrini tupu isiyo na picha), unabaki na kama sekunde 95 za picha. Mhariri anapotafuta pa kupunguza, mkasi unaangukia pale "pasipotokea kitu". Na pasipotokea kitu ndipo urafiki ulipo.

Kinachosalia ni matukio: kofi, polisi, mlango unaobamizwa, mama anayelia. Kila kimoja kilikuwa kwenye filamu kweli. Uongo unaingia kwenye uwiano. Filamu yenye dakika 70 za kijiwe na 20 za balaa inageuka kuwa trela yenye sekunde 80 za balaa na 15 za kijiwe.

Shoti sita, trela mbili

Tuseme tuna shoti sita tu, za filamu ya kubuni. Ya kwanza: mwanga wa buluu wa gari la polisi ukizunguka kwenye ukuta wa korido. Ya pili: wale wasichana kwenye ngazi. Ya tatu: mlango unagongwa. Ya nne: kitanda cha mama, kimetandikwa, hakina mtu. Ya tano: wawili wamekaa ukutani wanakula chipsi kutoka karatasi moja. Ya sita: wote wanne kwenye basi, wanacheka. Tuna sekunde 20 za kujaza.

Mhariri wa kwanza anafungua na mwanga wa buluu, sekunde 3. Anaingiza ngazi, sekunde 3, akiikata mara mbili ili mwendo uonekane wa pupa. Mlango unachukua 4, kwa mapigo matatu, na baada ya kila pigo anaweka weusi. Weusi wote ukijumlishwa ni sekunde 5. Kitanda, 2. Ndipo zinapokuja chipsi na basi, sekunde moja na nusu kila moja, kwa mwendo wa taratibu, bila sauti yoyote isipokuwa piano. Jumla ni 20. Chipsi na basi hapa ni kumbukumbu. Mtazamaji ameshaambiwa kuna jinai, sasa anaoneshwa "walivyokuwa kabla hawajaharibika". Urafiki umefanywa marehemu.

Mhariri wa pili anaanza na chipsi, sekunde 5 mfululizo bila kukata. Sekunde tano ni nyingi kwenye trela, na ndiyo maana zinafanya kazi: tunamwona mmoja akihesabu zilizobaki, anamsogezea mwenzake kubwa kuliko zote. Basi, sekunde 4, na sauti ya humo ndani, kengele ikiwemo. Kitanda, 3, kimya. Mlango, 2, pigo moja tu. Ngazi, 4, wazi, pumzi zinasikika. Mwanga wa buluu unakuja mwisho, sekunde 2. Jumla ni 20 vilevile. Tunapofika kwenye ngazi tunajua wanamkimbilia nani, au wanamkimbiza nani asionekane. Polisi wakitokea, wanatokea kwenye maisha ya watu tunaowajua.

Trela zote mbili ni za kweli kwa maana finyu: hakuna shoti iliyotoka nje ya filamu. Ya kwanza itapata mibofyo mingi zaidi siku ya kwanza, tusijidanganye. Ya pili ndiyo inayomleta ukumbini mtu ambaye hatatoka akinung'unika kwamba aliahidiwa filamu ya magenge.

Kosa linalojirudia hata kwa wahariri wenye nia njema ni mkusanyiko wa vicheko. Wanachukua kila shoti ya kucheka iliyomo, wanazipanga nane mfululizo, sekunde moja moja, chini ya wimbo wa furaha. Matokeo yake ni tangazo la soda. Kicheko bila chanzo hakiambukizi. Tiba yake ni kuacha vicheko saba na kubaki na kimoja, pamoja na sekunde tatu au nne za kilichokisababisha. Mtu akimwona msichana akijifanya mwalimu mkuu na mwenzake akijizuia hadi chipsi zinamtoka puani, hahitaji kuambiwa hawa ni mashosti.

Sauti: nani analipia kelele

Hapa pana jambo ambalo watazamaji wengi hawalijui, na linaamua mengi. Sauti ya trela za ukumbini Marekani ina kikomo. Kiwango cha TASA, chama kinachosimamia sauti za trela, kinataka kipimo kiitwacho Leq(m) kisizidi desibeli 85. Leq ni wastani wa trela nzima, mwanzo hadi mwisho, hivyo kila sekunde ya ukimya ni akiba. Ukiweka sekunde 30 za mazungumzo ya chini mwanzoni, umejiwekea benki ya kelele za mwisho. Ndiyo sababu mojawapo ya trela kuanza na marafiki wakinong'ona: wananong'ona ili mlango ubamizwe kwa nguvu baadaye.

Kuna la ziada. Ile "m" ni mizani inayotoa uzito mkubwa kwa sauti za juu, zile kali zinazochoma sikio, na uzito mdogo sana kwa besi. Kishindo kizito cha chini, kile kinachotikisa kiti, kinagharimu kidogo kwenye hesabu. Kicheko cha wasichana wanne wakipiga yowe kwa pamoja kimejaa sauti za juu, kwa hiyo kinagharimu sana. Mhariri anayekimbizana na kikomo atapunguza yowe na kuacha kishindo. Hakuna aliyekaa kikao akaamua vijana hawa waonekane wa kutisha. Kipimo kimewasukuma huko. Dawa ni ndogo: kata kidogo masafa makali ya kicheko, karibu na kilohezi 3 hadi 6, badala ya kushusha kicheko chote, na punguza urefu wa vishindo badala ya idadi ya vicheko.

Kwa intaneti hesabu ni nyingine. YouTube hushusha sauti ya video zilizo juu ya takriban LUFS -14 (LUFS ni kipimo kingine cha ukubwa wa sauti), na kipimo hicho hakiipi besi msamaha mkubwa kama ule wa Leq(m). Anayetumia miksi moja kwa ukumbi na kwa simu anakuta maneno ya wahusika yamezama, kwa kuwa spika ya simu haitoi besi na jukwaa limeshusha kila kitu kwa pamoja. Miksi ya simu itengenezwe peke yake, mazungumzo yakiwa mbele.

Muziki ndio unaoweka mkasi mkononi. Wimbo wa midundo 90 kwa dakika unampa mhariri fremu 16 kamili kwa kila mdundo, kama anafanya kazi kwa fremu 24. Wa midundo 120, fremu 12. Kwa 140, mwendo wa grime na drill ya London, aina za muziki wa rap, mdundo mmoja ni fremu 10 na sehemu kidogo, na hiyo sehemu kidogo ndiyo inayotesa: baada ya mipigo minane mkato umechelewa au umewahi kwa fremu mbili au tatu, na jicho linahisi bila kujua kwa nini. Usihesabu fremu, weka alama kwenye wimbi la sauti lenyewe. Anayehariri kwa fremu 25, kama ilivyo kwa televisheni za Ulaya na za kwetu, atakutana na shida hiyo hata kwenye 120, kwa sababu mdundo ni fremu 12 na nusu.

Drill yenyewe imegeuzwa kuwa muhuri. Ukiisikia chini ya picha ya vijana weusi wa London, trela imekwisha kukuambia kisu kiko mfukoni, hata kama filamu inahusu mitihani. Upande wa pili kuna ugonjwa uliosambaa tangu 2010 hivi: wimbo maarufu ulioimbwa upya polepole, kwa piano na kwaya ya sauti nyembamba. Kwa vijana wa tabaka hili unafanya kazi ya mazishi. Kila wanachofanya kinakuwa cha kusikitisha, hata kula ubuyu.

Halafu kuna suala la leseni, ambalo linaharibu trela nyingi kimyakimya. Haki ya kutumia wimbo ndani ya filamu haimaanishi haki ya kuutumia kwenye trela. Mara nyingi ni malipo mengine, kwa mwenye utunzi na kwa mwenye rekodi. Katika filamu ya Céline Sciamma ya 2014, Bande de filles, wasichana wanne wamejifungia chumba cha hoteli wakiwa na magauni ya wizi yenye vibanio vya dukani bado vimening'inia, nao wanacheza Diamonds ya Rihanna karibu wimbo mzima chini ya mwanga wa buluu. Nguvu ya onyesho ni urefu wake: mgeni wa kundi anawatazama kwanza, kisha anaingia. Onyesho la namna hiyo likikatwa kuwa sekunde 8 na kuwekewa muziki wa maktaba, kinachobaki ni warembo wanacheza. Kama wimbo haupatikani, ni heri kutumia sauti za wasichana wenyewe wakiuimba bila ala, na haki hiyo nayo iombwe, au kutumia uso wa yule anayetazama na kuacha dansi yote.

Zamani kazi ya kufunga vipande ilifanywa na msimulizi. Don LaFontaine, aliyefariki 2008, alisimulia maelfu ya trela za Marekani kwa sauti yake ya pangoni. Wateja wa vibanda umiza wanaielewa hadhi hiyo bila maelezo: DJ anayetafsiri filamu ndiye anayekuambia nani wa kuhurumiwa. Trela za leo zimemnyamazisha msimulizi, na kazi yake imeangukia kadi za maandishi. Kadi ya maneno manne inahitaji sekunde 2, iweze kusomwa mara mbili. Na maneno yenyewe yana tabaka. Filamu ya watoto wa matajiri husifiwa kuwa "ya kupendeza", ya watoto wa wavujajasho ni "kali", "ghafi", "isiyopambwa", kana kwamba umaskini ni aina ya upigaji picha.

Fremu inayotosha watu wangapi?

Urafiki ni suala la upana. Kwenye Bande de filles, Sciamma na mpiga picha wake, Crystel Fournier, walitumia fremu pana ya sinema, ile inayokaribia 2.35 kwa 1, na ndani yake wasichana wanne wanakaa bega kwa bega bila kamera kurudi nyuma. Miaka mitano kabla, mwongozaji Andrea Arnold na mpiga picha wake, Robbie Ryan, walipiga filamu ya Fish Tank kwa fremu ya zamani ya 1.33 kwa 1, karibu ya mraba. Humo binti wa miaka 15 anajaza picha peke yake. Hakuna pa kumweka mwenzake isipokuwa amsogelee sana. Hizo ni hoja mbili tofauti kuhusu maisha, zimeandikwa kwa vipimo vya kisanduku.

Sasa ipeleke trela kwenye simu, kwa fremu ya wima ya 9 kwa 16. Picha ya 2.35 yenye kimo cha pikseli 1,080 ina upana wa pikseli 2,538. Ukiikata wima unabaki na 607, chini ya robo. Katika kundi la wanne amebaki mmoja. Programu za kukata zenyewe humfuata anayesema, hivyo rafiki anayesikiliza, yule ambaye uso wake ndio urafiki wenyewe, anatupwa nje. Fish Tank ikikatwa vivyo hivyo inabaki na kama asilimia 42, na kwa kuwa binti yuko peke yake, haipotezi sana. Kwa ufupi, toleo la simu linapendelea upweke. Tutarudi hapa.

Mahali pa kuingilia nako kunasema. Trela nyingi hufungua kwa droni: majengo ya halmashauri kutoka juu, kijivu, safu kwa safu. Shoti hiyo hupigwa na mtu asiyeishi hapo. Wakazi hawalijui paa la jengo lao. Wanajua lifti iliyoharibika, harufu ya korido, ufunguo unaohitaji kusukumwa kwa bega. Kuingia kwa mlango na jiko kunachukua sekunde zilezile tatu za droni. Rangi ina kasumba hiyohiyo: ubuluu wa kijivu kwa nyumbani, dhahabu ya jua la jioni kwa marafiki. Mara nyingi hii si rangi ya filamu hata kidogo, kwa sababu trela huanza kukatwa kabla rangi za filamu hazijakamilishwa, na kampuni ya trela inapaka zake.

Kamera ya mkononi ipewe neno moja tu la tahadhari. Mtikisiko unaosomeka vizuri kwenye shoti ya sekunde 12 unageuka kichefuchefu ukikatwa vipande vya nusu sekunde. Chagua sehemu ambako kamera inatulia mwishoni mwa mwendo, kata hapo.

Maneno yaliyoungwa

Msichana mmoja anauliza, "Utanisaliti?" Mwenzake anajibu, "Kamwe." Kwenye filamu maneno hayo yamepishana dakika 40, na la pili aliambiwa mdogo wake kuhusu kula mboga. Kuunga maneno ni kazi ya kila siku ya trela. Kuitambua ni rahisi: tazama midomo. Ikiwa swali linasemwa huku unaona kisogo, na jibu linakuja juu ya picha ya dirisha, yameshonwa. Jambo lenyewe si dhambi. Linaharibika pale lugha ya kundi inapopotea, kwa sababu vijana hawa hawaambiani "nitakuwa nawe daima". Wanatukanana. Mapenzi yao yako kwenye kejeli, kwenye jina la utani ambalo mtu wa nje akilitumia atakula ngumi.

Na matusi hayaingii kwenye trela ya watazamaji wote. Mfano mkali wa uzito wa lugha ni Sweet Sixteen ya Ken Loach, ya 2002, kuhusu kijana wa Greenock, Uskoti, anayekaribia miaka 16. Ilishinda tuzo ya mswada Cannes, lakini bodi ya uainishaji ya Uingereza, BBFC, iliipa 18 kwa sababu ya matusi, hivyo vijana wa umri wa mhusika wenyewe hawakuruhusiwa kuitazama ukumbini. Trela ya namna hiyo inabaki na vijana waliosafishwa midomo, na utani wao unakufa kwa kukosa mdundo. Usiweke mlio wa kuficha tusi, unachekesha pasipostahili. Kata herufi ya kwanza ikishasikika, funika kwa mlango au kwa jibu la mwenzake linaloingia mapema. Sikio la mtazamaji litamalizia.

Kwa wanaotia manukuu ya Kiswahili tatizo ni hesabu. Msomaji wa kawaida anasoma karibu herufi 15 kwa sekunde, maneno yetu ni marefu, na shoti ya trela ni sekunde moja na nusu. Herufi 22, basi. "Acha ujinga wewe" inaingia. "Tafadhali usinifanyie mambo ya kijinga" haiingii, na hakuna rafiki aliyewahi kumwambia mwenzake hivyo. Nukuu moja inaruhusiwa kuvuka mkato na kubaki juu ya shoti ya pili. Ni bora kuliko kuharakishwa.

Simu zao wenyewe

Katika Rocks ya Sarah Gavron, iliyooneshwa kwanza Toronto mwaka 2019 na kupigwa picha na Hélène Louvart huko mashariki mwa London, zimo klipu za simu walizochukua wasichana wenyewe. Filamu ilijengwa kwa warsha pamoja na wanafunzi wa shule, na mwigizaji wake mkuu, Bukky Bakray, akapata tuzo ya BAFTA ya nyota chipukizi mwaka 2021. Klipu ya simu ni mali adimu kwa mhariri wa trela: kwa mara moja, anayewatazama vijana ni kijana mwenzao. Kidole kiko kwenye lenzi, picha iko wima, anayerekodi anacheka kwa sauti kubwa kuliko wote kwa sababu yuko karibu na maiki.

Ndiyo maana inasikitisha kuona klipu kama hizo zikiwekewa ukungu pande mbili ili kujaza skrini, au doa jekundu la kurekodi ambalo simu haikuwa nalo, na muziki juu. Ukiondoa sauti ya anayerekodi umemwondoa rafiki. Iache wima katikati ya weusi, na sauti yake ibaki kama ilivyo, hata ikipasuka kidogo. Sekunde 3 zinatosha. Zikipita 5 macho yanachoka na weusi wa pembeni.

Matoleo ya intaneti yana mtego mmoja zaidi, ile trela ndogo ya sekunde 5 inayotangulia trela, iliyozaliwa na kitufe cha kuruka tangazo. Ndani yake zinasukumwa picha zenye kelele kuliko zote. Kazi ya dakika mbili ya kumfanya mtu aone "wanakimbia" inabomolewa kabla haijaanza, kwa kuwa ameshaoneshwa buluu ya polisi mara mbili. Kama mteja anaing'ang'ania, mpe shoti moja isiyokatwa yenye swali ndani yake: msichana anaganda katikati ya kicheko, anatazama mlango. Inamzuia mtu kuruka vizuri kuliko mikato kumi.

Na ile fremu ya wima inayobakisha robo? Njia ya kawaida ni kuiweka picha pana nzima katikati na kutumia nafasi ya juu na chini kwa manukuu, nayo inafaa, ila nyuso zinakuwa ndogo kama punje. Njia bora ni kutafuta kwenye filamu zile shoti ambazo marafiki wamepangana kwa kimo badala ya upana. Ngazi ni mojawapo: wanne wakishuka, kila mmoja ngazi yake, wanaingia wote bila kukatwa. Kitanda cha ghorofa ni nyingine. Iliyo bora kuliko zote ni ya kusukana. Mmoja kwenye kiti, mwenzake chini katikati ya magoti yake, vichwa viwili kimoja juu ya kingine, mikono inafanya kazi na midomo inasengenya. Mhariri huiruka kwa sababu hakuna kinachotokea. Ipe sekunde 6, uache na sauti ya kitana.